Tembea Mama, Wageni Wakuone

Kaka yangu ni dalali wa nyumba, na siku hizi nikilitamka neno hilo natamani kusukutua mdomo. Sisemi udalali wenyewe ni mbaya. Wapo madalali wenye haya zao, wanakutafutia chumba, unawapa chao, mnaachana vizuri. Ninayemsema mimi ni huyu tuliyenyonya ziwa moja, mwenye uso mkavu ambao hata ungempaka mafuta ndoo nzima usingelainika.

Mama yetu haoni. Sisemi haoni vizuri, haoni kabisa, tangu mimi niko wa kubebwa mgongoni. Lakini kwenye nyumba yetu ya zamani mgeni angeweza kukaa naye asubuhi nzima asijue. Alikuwa anatoka chumbani, anapita uani, anafika bombani, anajaza jagi lake, anarudi, na hakuna mtu aliyemshika mkono. Ukimshika anajikung'uta kama umemmwagia maji ya moto. "Mimi si mzigo," anakwambia. "Nenda kabebe vya kubebwa."

Nyumba ilikuwa ni vyumba vilivyozunguka ua, kila chumba na familia yake, bomba moja pembeni, choo nyuma ya bomba. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu, na kamba zangu za kuanikia nilizifunga juu kabisa ili mashati yasimpige mama usoni. Sakafu ya ua tuliitengeneza wenyewe. Jirani yetu mmoja, mwashi tuliyemwita Mwiko, kila alikojenga alikuwa anaomba saruji iliyobaki chini ya mfuko, anakuja nayo kwenye kopo, Jumapili anaziba shimo. Jumapili nyingine anasawazisha kipande kingine. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu pale: anayepata mabaki kazini, mabaki hayo ni ya njia ya mama. Na sheria ilikuwepo. Ukiacha ndoo, kigoda au kiatu kwenye njia ya mama, wiki hiyo choo unasugua wewe, uwe umehamia jana au umezeekea hapo. Hata bibi mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi akaweka mkoba wake chini, tulimwambia. Alicheka sana, lakini brashi aliishika.

Basi tulikuwa tunaishi hivyo. Halafu wakaleta treni.

Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na reli ya zamani ya mizigo iliyoota majani, watu wanatupia takataka. Siku moja wakaja wakubwa na vipaza sauti. Wakasema itajengwa reli mpya, treni ya abiria, stesheni hapo hapo karibu na kwetu, na treni hiyo ni ya mtu wa chini, yule anayeamka alfajiri kwenda kibaruani. Tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu. Niliwaza nitafuata nguo za wateja upande wa pili wa mji na kurudi kabla maji hayajakatika. Mama alisema, "Afadhali, sasa nitajua saa kwa kusikiliza."

Msinichekeshe. Kabla treni ya kwanza haijapita, kodi ilishapanda. Kinyozi wa kona akaondoka, mahali pake akaja muuza kahawa mwenye meza za kioo. Muuza mkaa akaambiwa anaharibu mandhari. Mandhari, eti. Neno hilo hatukuwa nalo mtaani kwetu, lilikuja na hao watu kama upele. Ghorofa zikaanza kuota huku na huku, kila moja imebandikwa picha ya mwanamke anayecheka peke yake, na chini yake wameandika kwamba ukiishi hapa stesheni iko mlangoni kwako. Na wa kuishi humo wakaja. Kila mmoja alikuja na gari lake. Wanalipia kukaa karibu na treni, halafu treni yenyewe hawaipandi, wanaipigia honi pale kwenye kivuko ikiwachelewesha. Sisi tuliokuwa tunaipanda ndio tuliokuwa tunahama, leo huyu, kesho yule, kwenda mbali ambako haifiki. Nikiliwaza sana jambo hilo chakula kinanirudi.

Kaka ndipo nyota yake ilipowaka. Zamani alikuwa anatafutia watu vyumba vya kupanga, viatu vyake vimelika upande. Sasa akawa anauza nyumba za relini. Akanunua viatu vyenye ncha, na marashi ambayo yalikuwa yanaingia uani kabla yake na kubaki baada yake, yakaingia mpaka kwenye shuka za wateja wangu. Nilizifua upya, sitanii.

Akaja siku moja mchana na watu wawili, mume na mke.

"Mama," akasema, "wageni wangu hawa wamekuja kukusalimia."

Mama anampenda kaka kuliko kitu chochote. Humwita baba, kwa kuwa alimpa jina la baba yake mzazi, na mimi huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Ukikaa na sisi unasikia kizee anawaita wanawe baba na mama, na wao wanaitika bila kucheka. Wageni alikuwa hapati. Basi aliposikia wamekuja watu wa mwanawe, alivaa gauni lake la kutokea, akajifunga mtandio, akatoka anatabasamu upande ambao hakuna mtu.

Yule mke alikuwa na miwani ya jua aliyoisukumia kichwani. Mume alikuwa anagonga ukuta kwa vidole, ko ko ko, anasikiliza. Kaka alikuwa anaangalia saa yake, na mimi nikiwa kwenye beseni sikuelewa ana haraka ya nini.

"Mama, wageni wana kiu. Wachotee maji," akasema.

Nikainuka mimi. Akanikata jicho. "Mwache mama achote."

Mama akaenda. Akajaza jagi mpaka mdomoni, maana alitaka waone ana mkono mtulivu. Akiwa anarudi, treni ikapita nyuma ya ukuta. Mama hakusita. Alikuja nayo ile hatua yake ya polepole, jagi limejaa pomoni, hakumwaga hata tone.

Kaka akawageukia wale watu na kupunguza sauti, lakini mimi masikio yangu ni mazima. "Mmeona wenyewe? Treni imepita mgongoni kwenu, bibi haoni, na chini ni pakavu. Asije mtu akawaambia nyumba za relini zinatikisika. Na ua huu umelala kama meza."

"Mzuri kweli," yule mke akasema. Sikujua kama anausifu ua au anamsifu mama. Alisema kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani.

Mama alikuwa bado amesimama na jagi lake, anasubiri mtu apokee. Hakuna aliyekuwa na kiu. Nililipokea mimi.

Nilimfuata kaka getini mikono imejaa povu. "Unafanya nini na mama?"

"Nafanya kazi," akasema. Akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Bibi mwenye nyumba anauza. Amezeeka, wanawe wanataka mgawo wao, bei ya viwanja vya relini imepanda na haitangoja. Atauza kwa mkono wa kaka au wa mtu mwingine. "Bora ipite kwangu. Nitaweka sharti chumba cha mama kibaki. Watu wakimwona, wakampenda, watamwacha akae. Wewe unadhani nawaonyesha mama kwa nini?"

Nilinyamaza, na nilinyamaza kwa sababu moja tu. Mimi mahali pa kufulia napata popote penye maji. Lakini mama akitolewa kwenye ua ule hana pengine anapoweza kutembea. Miguu yake ilikuwa mle, kwenye ile saruji ya Mwiko. Kama kutembea mbele ya wageni kungemfanya abaki, basi atembee. Nikarudi kwenye beseni langu.

Wakaja wengine, na wengine. Kaka alikuwa anawaleta kwa kufuata saa za treni. Mama akazoea, masikini, akawa ananiomba nimchane nywele mapema. "Leo baba haleti wageni?" ananiuliza. Halafu kaka akamletea zawadi. Jagi jipya, la kioo. Mama alilipapasa, akalisifu, akasema mwanangu ananijali. Mimi nilielewa pale pale. La kwetu lilikuwa la plastiki ya bluu, na maji yakiwa ndani ya plastiki ya bluu mteja hayaoni.

Mwiko alikuwa anaangalia yote hayo kutoka mlangoni kwake. Siku moja akaniambia, "Dada, hii saruji sikuimwaga kwa ajili ya hawa."

"Sasa tuifanyeje, tuibomoe?"

Aliitazama sakafu kwa muda mrefu, kama mtu anayelipima wazo. Halafu akaingia ndani. Hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuipasua ile saruji aliyokuwa anaikanyaga mama.

Walionunua ni wale wa kwanza, mwenye miwani na mumewe mgonga ukuta. Tuliambiwa tuhame wote. Kaka alikuja na mfuko wa machungwa, akakaa kitandani kwa mama, akasema walikubali kwa mdomo halafu wakabadilika, biashara ndivyo zilivyo, yeye mwenyewe ameumia. Alisema ameumia huku anamenya chungwa. Hakupepesa jicho. Niliangalia lile ganda linavyoshuka kwa mzunguko mmoja bila kukatika, nikasema moyoni mkono huu haujatetemeka hata kidogo.

Alipoondoka mama akaniuliza, "Mama, kwani wale wageni walisemaje kuhusu mimi?"

Hasira zilikuwa zimenijaa, sikuchagua maneno. "Walisema unatembea vizuri. Walisema kama kipofu anabeba maji na treni inapita na hayamwagiki, basi nyumba ni imara, na wakainunua."

Mama alinyoosha mkono. Akaanza kulitafuta jagi la kioo pale mezani, akalipata, akalizungusha mikononi.

"Kumbe nilikuwa naifanyia nyumba mnada," akasema.

"Nitamwambia maneno yake huyu mwanao, hatayasahau."

"Usimwambie kitu. Ni mwanangu."

Nikamchukia na yeye kidogo, kwa dakika ile. Nisamehewe, lakini upole mwingine unatia kinyaa kama ukatili.

Tulikohamia ni mbali, ukishapita stesheni ya mwisho. Ukishuka kwenye treni unapanda basi, ukishuka kwenye basi unatembea kwenye vumbi. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, mwenye navyo ni mzee mmoja muuza mbao. Mbele ya milango kuna mtaro wa maji machafu, wazi, unavukwa kwa ubao. Bomba na choo viko ng'ambo. Chini ni mawe, mashimo na vipande vya chupa. Mwiko na wengine walitawanyika kila mtu na upande wake, na majirani wapya walikuwa watu wema lakini hawakuwa na sheria ya ndoo.

Siku ya kwanza mama alitoka mwenyewe, kwa kiburi chake, akajikwaa kabla hajafika mtaroni. Siku ya pili vilevile. Baada ya hapo akakaa. Nilimwekea ndoo chumbani, na yeye ambaye hakuwahi kushikwa mkono akawa ananisubiri nirudi kutoka kazini nikaimwage. Harufu ilikuwa inamfedhehesha. Alikuwa anakula kidogo ili aende haja kidogo. Sikuhitaji kuambiwa, niliona sahani. Kaka alipiga simu kuuliza hali, akasema atazoea tu, wazee wanazoea.

Na kazini wapi? Sikieni hili. Wateja wangu walikuwa kule kule tulikotoka, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa natembea, napanda basi, napanda treni, kwenda kufua mahali nilipokuwa naamka. Mwenye miwani alisikia napiga pasi vizuri akaniita. Niliingia kwa geti jipya, ndani ya ua ule ule. Saruji ya Mwiko wameiacha, wameweka tu maua pembeni. Nilikuwa napigia pasi kwenye varanda, na dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mashine. Yule mwanamke alikuwa juu yake, amevaa nguo za kubana, anatembea. Mkanda unazunguka chini ya miguu yake, anatembea, anatembea, jasho linamtoka, na haendi popote. Alipomaliza akanywa maji.

Nilimaliza mashati nikaenda nyuma ya ukuta, relini, nikatapika. Naapa sikuwa naumwa.

Siku hiyo nilirudi na kamba. Nilichukua zile zangu za kuanikia, ngumu, nikazifunga usawa wa kiuno, kutoka mlangoni kwetu mpaka ubaoni, kutoka ubaoni mpaka bombani, kutoka bombani mpaka chooni. Pale penye ubao nikafunga fundo kubwa ili mkono ujue. Mzee wa mbao alilalamika kamba zinamzuia na toroli lake, nikamwambia ainame.

Mama alianza upya kama mtoto. Mkono mmoja kwenye kamba, mguu unapapasa. Alianguka, akainuka, akatukana matusi ambayo sikujua anayajua. Majirani wakaanza kuokota chupa kwenye njia yake. Mmoja akaleta kifusi. Sikuwaomba. Na asubuhi moja nilisikia mlango, nikatoka, nikamkuta anarudi kutoka bombani na lile jagi la kioo, mkono wa kulia kwenye kamba, wa kushoto umebeba maji. Ndoo ya chumbani niliitupa jalalani siku hiyo hiyo. Mama alikula sahani nzima.

Basi mngedhani tuachwe.

Wakaja watu na vigingi vyenye rangi nyekundu. Treni inasogezwa mbele. Reli ikapita nyuma ya vyumba vyetu, stesheni ikaanza kujengwa pale penye vumbi, na treni za majaribio zikawa zinapita tupu mchana kutwa. Majirani walifurahi. Niliwaangalia wakipiga vigelegele nikaona aibu yangu ya zamani inachezwa tena na watu wengine. Nikaanza kunusa hewa. Nilijua nanusa nini, na haikuchukua muda, marashi yakaingia.

Kaka alikuja na mwanamume mnene aliyekuwa anakanyaga kwa ncha za vidole kama paka, na mwanamke aliyeshika leso puani. Kaka alikuwa anatazama saa. Sikuamini. Nilidhani hata yeye ana mahali anapokomea.

"Mama," akasema, "wageni wamekuja kukusalimia."

Nilisimama na pasi ya moto mkononi. "Ondoka hapa na wageni wako."

"Tulia, wewe. Mzee anauza, si mimi," akanong'ona, kisha kwa sauti ya wageni, "Mama, tembea kidogo wageni wakuone. Wachotee maji."

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Aligeuza uso upande wa sauti yake. "Karibuni," akasema. "Ngojeni nivae vizuri."

"Mama, huendi popote," nikamwambia.

"Niache, mama," akanijibu, taratibu kabisa. Akaingia ndani, akatoka na gauni la kutokea na mtandio. Nikaona amezeeka akili, au amempenda huyu mwana mpaka amepofuka mara ya pili. Nilitamani niende mbali nisione.

"Baba, treni bado haijapita?" akauliza.

"Inakuja sasa hivi, mama," kaka akasema, anafurahi.

Mama akashika kamba, akavuka ubao, akafika bombani, akajaza. Wageni wakasogea hadi ukingoni mwa mtaro waone vizuri, kaka akiwa katikati yao, ameshaanza ile hotuba yake ya ua kulala kama meza, ingawa ua wenyewe ulikuwa mawe. Mama akaanza kurudi. Treni ikasikika. Alifika kwenye fundo langu, pale penye ubao, mkono wake ukaligusa fundo, nikaona umeligusa. Alijua yuko wapi kama ninavyolijua jina langu.

Akasubiri treni ifike hasa. Halafu akafungua vidole, kimoja kimoja, akaiachia kamba.

Alikwenda mzima mzima ndani ya mtaro. Maji meusi yaliruka yakawapata wote watatu, leso, viatu vyenye ncha, kila kitu. Jagi likapasukia kwenye jiwe. Yule mwanamke akapiga ukelele, akasema nyumba imetikisika, ameisikia mwenyewe chini ya miguu, hii nyumba haifai hata kwa kuku. Mnene akawa ameshageuka anatafuta gari.

Nilikuwa nimeshaingia mtaroni. Maji yalinifika magotini, yana mafuta juu yake, na vitu ambavyo sivitaji. Mama alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kifuani. Nilipoinua macho kumwita kaka anisaidie, alikuwa amechutama ukingoni na karatasi mkononi, anafuta kiatu. Kiatu kwanza. Sina neno lingine la kusema kuhusu mtu huyo, na nikiulizwa siku ya mwisho nitasema hilo hilo, alifuta kiatu kwanza.

"Mama, umeniharibia," akasema.

"Nisamehe, baba," mama akamjibu kutoka kwenye ule uchafu, uso umetulia. "Treni imenitikisa."

Akawakimbilia wageni wake. Tulisikia mlango wa gari, halafu gari. Nikamtoa mama, nikamkalisha kwenye kigoda, nikaanza kummwagia maji safi miguuni. Mkono ulikuwa umeshavimba.

"Wameondoka?" akauliza.

"Wameondoka."

"Walilowa?"

"Walilowa."

"Vizuri," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia, maana mfupa ulikuwa umevunjika na alikuwa amejikaza mbele ya mwanawe mpaka mwisho.

Sikulia mimi. Nilichukia. Niliichukia reli, na vigingi, na wale wa vipaza sauti, na dunia ambayo kizee akitaka kubaki mahali anapoweza kwenda chooni mwenyewe lazima ajitupe kwenye mtaro wa choo. Niliosha vile vidole vyake kimoja kimoja kwa sabuni ya kazini kwangu, na harufu haikutoka.

Mkono huo haukunyooka tena. Mama amehamia mkono wa kushoto kwenye kamba, na jagi la bluu, tulilolitoa chini ya kitanda, analikumbatia kwa ule uliopinda.

Juzi kaka alipiga simu. Stesheni iko karibu kufunguliwa, alisema, na mzee wa mbao amepata mnunuzi mwingine wa kuja kuangalia. "Mama ameanza kutembea tena?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama alikuwa katikati ya kamba, anarudi kutoka bombani, na treni ilikuwa inapita nyuma ya vyumba na kishindo chake chote. Njia nyuma yake ilikuwa kavu. Alisikia sauti ya kaka kwenye simu, akatikisa kichwa bila kusimama.

"Bado," nikasema. "Hatembei kabisa."

Kaka akakaa kimya kidogo. Nilidhani labda, mara moja katika maisha yake, kuna kitu kimemchoma.

"Basi hebu niulizie hapo mtaani," akasema, "kama kuna kipofu mwingine."

Nilikata simu. Nikatema mate mtaroni, nikatema tena, na ladha ikabaki.

Mama alifika mlangoni, akatua jagi. "Anasemaje?"

"Anakusalimia," nikamwambia.